Nyongeza ya Bure

Honi ya meza ililia watu wakiwa ndani ya mfereji. Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kila nyumba imetoa mtu wake na jembe lake kwa kazi ya wote, na Nakijwa alikuwa ameinama na wenzake wakizoa tope na majani yaliyoziba njia ya maji chini ya ndiva. Majembe yakasimama. Kila mtu akamtazama yeye, vile watu wanavyomtazama mtu anayeitwa pembeni kupewa habari ya msiba.

"Nenda, Mama Nietiwe," akasema mwenyekiti Chediel. "Kasikie wametuletea nini tena."

Alinawa miguu kwa maji yaleyale ya mfereji, akajifunga kanga yake vizuri, akapanda. Njiani aliomba. Hayakuwa maombi marefu, ni maneno machache tu: Bwana, isiwe nyongeza.

Ilikuwa nyongeza.

Meza ilikaa katika jengo lililokuwa zamani stoo ya kahawa ya chama cha ushirika, na harufu ya magunia haijatoka ukutani mpaka leo. Kioo chake kilikuwa kipana kama mlango uliolazwa. Ndani yake ilionekana milima yao yote, midogo kama mafungu ya mchanga: kijiji cha Ivuga na bwawa lake la kukusanyia maji, ile ndiva ya mababu, kijiji cha Kitala ng'ambo ya korongo na ndiva yake, mifereji, mashamba ya tangawizi na mahindi, na nyumba za kila kitongoji kama punje za mtama. Ukisogeza kidole juu ya lango pale kwenye kioo, lango la kweli kule mlimani, la chuma, lenye mota, nalo husogea. Na aliyeshindwa mchezoni, lango lake halisogei hata alisukume kwa mabega. Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa mashariki ambacho vijana wake walilifungua kwa nyundo. Droni zilikaa juu yao msimu mzima na lango halikufunguka tena mpaka mahindi yakawa makapi.

Watoto waliozaliwa baada ya meza walidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Nakijwa alikumbuka ya kabla. Ile miaka ya ukame mkuu, watu wa Ivuga na watu wa Kitala walikatana mapanga kwa ajili ya maji ya korongo. Mume wake alitoka asubuhi kwenda kufungua lango, zamu ikiwa yake kwa haki, akarudishwa amebebwa juu ya ubao. Wanaume walizikwa mpaka wachimba kaburi wakachoka. Ndipo serikali ikaja na Kampuni, na Kampuni ikaja na mchezo unaoitwa Mabonde. Wakasema: piganeni humu ndani ya kioo, msipigane tena mferejini. Kila kijiji kikachagua mchezaji wake. Atakayepanga vizuri zaidi kupanda, kutunza na kupumzisha ardhi, ndiye atakayepata fungu kubwa la maji ya msimu. Na sheria iliyokuwa juu ya zote, hata mtoto aliijua: aliyeshindwa hakosi cha kunywa.

Damu ilikoma. Hilo Nakijwa hakulisahau hata siku Kampuni ilipomuudhi kupita kiasi. Na mchezo wenyewe aliupenda. Ulikuwa na sheria zinazoelezeka mtu akimenya ndizi za chakula cha mchana, na bado hukuweza kuumaliza, kila msimu unakufundisha jipya. Mchezaji wa Kitala alikuwa Mrindoko, binamu wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi, na mwaka Nakijwa alipomshinda mara ya kwanza alivuka korongo kuja kumpa mkono. Akamwambia kwamba tangu leo akiota ndoto mbaya atajua shemeji yake yuko mezani.

Kisha zikaanza nyongeza.

Ya kwanza ilikuwa ya nzige. Ukiitaka unapeleka magunia ya tangawizi kwenye kituo cha Kampuni, unafunguliwa dawa ya nzige. Usipoitaka, nzige wanakuja vilevile ndani ya kioo, ila dawa huna. Ikafuata ya soko, ikafuata ya walinzi. Mara nyingi zililetwa mbichi. Ile ya walinzi ilishuka na askari walionasa katikati ya mto, hawaendi mbele wala nyuma, na malango ya kweli yakakaa nusu wazi wiki nzima yakingojea mtu wa mjini awanasue. Kila nyongeza ilikuwa na sheria zake, na sheria zake zilikanyaga za zamani, mpaka Nakijwa mwenyewe, aliyekuwa anaujua mchezo kama anavyoujua moto wa jiko lake, akawa anacheza kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Walilalamika. Walijibiwa kwamba maoni yao ni ya thamani.

Lililowakata maini zaidi ni la vuli. Mwaka mmoja waliamka wakakuta mvua za vuli zimetolewa mchezoni. Nje mvua inanyesha, mabati yanalia, lakini kioo kinasema kiangazi, na malango hufuata kioo. Baadaye vuli ikarudishwa, imefungwa kama zawadi, kwa jina la Nyongeza ya Misimu, na magunia yakapelekwa.

"Shemeji," Mrindoko alimwambia mwaka ule, "hawa wangemuuzia Adamu ubavu wake."

Sasa meza ilikuwa inawaka rangi ya manjano. Nakijwa akaketi, akaweka viganja viwili juu ya kioo, na ile sauti ya meza, ya mwanamke mpole asiyejulikana ni wa wapi, ikamsalimu kwa jina na kumwita mpendwa mchezaji. Ikamwambia kuna Nyongeza ya Ufanisi.

"Safari hii ni bure," ikasema.

Watu wale hawajawahi kumpa mtu kitu.

Akasikiliza yote mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Nyongeza ilimruhusu mchezaji kuondoa kitongoji kimoja kwenye hesabu, kile kinachokunywa zaidi ya kinachozalisha. Fungu lake la maji litagawiwa vitongoji vilivyobaki, na eneo lake litakuwa chini ya uangalizi wa mwenye mchezo, yaani Kampuni. Vijiji viwili vinavyotumia korongo moja vikiacha vitongoji vyao kama vilivyo, hakuna kitakachobadilika. Kimoja kikiondoa, lango la mwenzake litashuka nusu, na litakaa nusu mpaka naye aondoe.

Nakijwa akauliza walioondolewa watakunywa nini. Akaikumbusha meza ile sheria iliyo juu ya zote.

"Sheria hiyo, mpendwa mchezaji, inawahusu walio ndani ya hesabu."

Kwenye kioo, mwisho kabisa wa mfereji wa Ivuga, kitongoji cha Mferejini kikaanza kumetameta manjano. Mchezo ulikuwa umeshamchagulia. Nyumba zake zilikuwa chache, nyingi za watu waliopanda kutoka tambarare baada ya ng'ombe wao kufa. Nyumba moja kati ya hizo ilikuwa ya Nietiwe, binti yake wa pekee, aliyeolewa huko na kujifungua kabla ya mavuno.

*

Alikutana na Mrindoko mahali pa kuoshea tangawizi, kwenye mawe makubwa ya korongoni ambayo hayakuwa ya Ivuga wala ya Kitala. Wanawake waliokuwa wakiosha waliwaona wanakuja kila mmoja kwa upande wake, wakajitwika vikapu vyao na kuondoka, maana wachezaji wakikutana ana kwa ana si jambo la kusikiliza.

Mrindoko alikuwa amezeeka ghafla. Hakutania. Alisema meza yao imemchagulia Kwemlimo, kule kwenye miamba, wazee watupu na mama mmoja mwenye mtoto asiyetembea. Alisema amekaa mbele ya kioo akaona mama mkwe wake akimetameta kama taa ya duka.

Walizungumza kwa muda, na walichozungumza ni kitu kimoja kwa maneno mengi: kwamba mchezo hauwezi kumlazimisha mtu kuinua kidole. Kampuni imeweka kisu katikati ya meza, basi, asiyekishika hajachinja. Wote wawili wakikaa kimya, nyongeza itakufa yenyewe. Nakijwa alimwomba waombe pamoja. Waliomba wamesimama, maji yakipita katikati ya miguu yao.

"Mimi sifuti mtu," Nakijwa akasema walipomaliza.

"Na mimi sifuti mtu, shemeji."

Wakapeana mikono. Alipokuwa akipanda kurudi alimsikia mzee anakohoa nyuma yake, akageuka kumuaga kwa mara ya pili, lakini Mrindoko hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama maji.

*

Mrindoko alikuja mwenyewe. Hilo Nakijwa alimhesabia baadaye, kwamba hakutuma mtu. Ilikuwa baada ya ibada ya Jumapili, jua liko kichwani, na Nakijwa alikuwa anachambua mboga mlangoni. Mzee akaja akasimama uani bila kubisha hodi, kofia mkononi.

"Nimefuta Kwemlimo," akasema.

Nakijwa akaendelea kuchambua jani alilolishika mpaka likaisha.

Mrindoko akaeleza. Halmashauri ya Kitala ilimketisha tangu alfajiri. Walimwambia Ivuga watafuta tu, kwa nini wasifute, wana mwanamke mwenye akili pale. Walimwambia akichelewa siku moja watoto wa shule watakunywa nusu kikombe. Alibisha. Alitaja mkono aliompa shemeji yake. Wakamwuliza kama mkono huo unanyweka. Mwishowe walimwambia ama abonyeze yeye, ambaye angalau atawalilia wale wazee, ama aketi pale kijana asiyewajua hata majina.

"Nikaona heri nibonyeze mimi," akasema.

"Wameshajua?"

"Nani?"

"Kwemlimo. Wameshajua?"

Mzee akageuza kofia yake. "Sidhani. Pale juu maji huchelewa kufika. Watafikiri ni kawaida."

Alitaka kuambiwa neno, lolote, hata tusi. Nakijwa akamwambia aketi, akamletea maji kwenye kikombe, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mrindoko akakitazama kile kikombe, akakirudisha chini bila kunywa, akaenda zake. Alikuwa hajafika korongoni lango la Ivuga likaanza kushuka. Mlio wake ulisikika kijiji kizima, chuma kikisaga chuma, mpaka katikati, kikasimama.

*

Kamati ilikutana palepale kwenye stoo. Mwenyekiti Chediel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika ndugu wawili miaka ya mapanga, na alichokiogopa duniani kilikuwa kitu kimoja tu, kurudi kule. Alisema bila kupandisha sauti kwamba kwa nusu lango tangawizi itakufa kwanza, kisha mahindi, kisha vijana watachukua mapanga, na droni zitakuja. Akasema Mferejini ni nyumba chache. Akasema tena kwamba wengi wao si wazaliwa. Mama mmoja wa kamati aliguna, lakini hakupinga.

Nakijwa akauliza kama kuna mtu atakayekwenda kuwaambia.

Ndipo Chediel akamsogelea, akaongea kwa upole, na upole wake ndio uliomuumiza Nakijwa kuliko yote.

"Mama Nietiwe, hakuna anayekuambia ufute mwanao. Mlete huku juu, yeye na mumewe na mtoto. Leo hii, kabla hujabonyeza. Nyumba yangu ina chumba."

Wote wakaitikia kwa vichwa, kama watu waliokwisha kulimaliza jambo. Wakakubaliana abonyeze kesho, kabla ya saa ya kufungua malango. Wakamwachia ufunguo wa stoo.

Hakwenda kumchukua Nietiwe. Alifika mpaka kwenye kona ya njia ya kushukia, akasimama, akarudi. Akimleta, atakuwa ameshaamua. Na jirani wa Nietiwe, yule mama wa Kimasai aliyemzalisha usiku wa mvua wakati mkunga hakufika, atauliza mbona rafiki yake anahama na godoro.

Alfajiri aliketi mezani. Aliomba kwanza, kisha akafungua macho na kufanya alichokuwa akikifanya miaka yote, kupanga. Akaipitia kila njia mpaka mwisho wake. Asipobonyeza, kijiji kizima kitakuwa na nusu. Na ukigawa nusu, wa mwisho wa mfereji ndiye anayekufa kwanza siku zote. Kwa hiyo kutokubonyeza kulikuwa kuwafuta Mferejini polepole na kujidai mikono safi. Akibonyeza kile kinachometameta, atawafuta kwa asubuhi moja.

Lakini nyongeza ilisema kitongoji kimoja. Haikusema kipi. Manjano ile ilikuwa ni ushauri tu.

Akapandisha kidole kuufuata mfereji, akapita Mferejini, akapita shule, akapita mashamba, mpaka kwenye kitongoji cha juu kabisa, Mkanyeni. Kilikuwa kitongoji chake. Kilikuwa cha Chediel na nusu ya kamati, cha wajane wenzake watatu wa miaka ya mapanga, cha watoto anaowafundisha nyimbo siku ya Bwana. Watu wa Mkanyeni walipakana na msitu. Kule ndani, miamba hutoka jasho mwaka mzima, maji kidogo ambayo hayako kwenye ramani ya mtu. Mtu anaweza kukinga ndoo kwa subira. Tangawizi yao itakufa, ndiyo, na nyumba zao zitakuwa chini ya uangalizi wa watu wasiowajua. Lakini watakunywa. Na vitongoji vya chini vikipata lango zima, hakuna sheria hata moja kati ya sheria zile zote inayomkataza mtu kumpelekea jirani yake ndoo ya maji. Na hata zamani, kabla ya meza, zamu ya maji ilianzia mkiani mwa mfereji, aliye mbali anaanza, aliye karibu na ndiva anangoja.

Hesabu ilikaa sawa. Kilichobaki hakikuwa hesabu.

Kutoa chako ni sadaka. Kutoa cha jirani yako bila kumwuliza, hilo halina jina zuri kanisani wala sokoni. Wangekataa akiwauliza, alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Na wakikataa, Mferejini itafutwa kwa mkono wa mwingine kabla ya uji. Kwa hiyo angewaokoa hawa kwa kuwaibia wale. Na je, ingekuwa hivi kama Nietiwe asingeolewa kule? Alilikazia macho swali hilo. Akajijibu ndiyo, kisha akaona kwamba hana njia ya kujua, wala hatakuwa nayo kamwe, na kwamba Mungu anajua na hajamwambia.

Akaweka kidole juu ya Mkanyeni.

"Kitongoji hiki si tegemezi," ikasema sauti. "Mpendwa mchezaji, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Punje zile za mtama zikazimika zote kwa mara moja, na yake ikiwemo.

*

Aliwaambia yeye mwenyewe, kwenye ukingo wa ndiva, palepale watu wanapokusanyika asubuhi kusikiliza lango. Lilikuwa limekwisha kufunguka lote. Maji yalitoka kwa mshindo ambao haukusikika miaka mingi, na watu walikuwa wanacheka, mama mmoja akimrushia mwenzake maji. Nakijwa akasubiri wanyamaze. Kisha akasema ni kipi alichokifuta.

Chediel alichelewa kuelewa. "Umetufuta sisi?"

"Na mimi nimo."

"Wewe ni mtu mmoja," akasema Chediel. "Mimi nina wajukuu sita chini ya bati moja. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akamjibu kweli, kwamba alijua atakataa. Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei asiyoiweza, akampa kisogo. Mama wa kamati, yule aliyeguna jana, akatema mate karibu na miguu ya Nakijwa. Wengine walisimama wakitazama maji yanavyowapita mlangoni, mengi, meupe, yanakimbilia kwa wengine. Hakuna aliyechota. Fimbo za chuma zenye macho zilikuwa zimesimikwa kando ya mfereji tangu nyongeza ya walinzi, na kila mtu aliona zimegeuza macho kuelekea kwao.

Jioni habari ikapanda kutoka chini: maji yamefika Mferejini. Yamefika mpaka kwenye mawe ya mwisho, na watoto wameoga.

Siku hiyo hakuna aliyemsalimia Nakijwa. Aliingia msituni na ndoo, akakinga kwenye mwamba mpaka mkono ukafa ganzi, akapeleka ile ndoo mlangoni kwa Chediel, akaiacha. Asubuhi aliikuta pale pale, haijaguswa, jani limeangukia ndani.

Akaenda mezani. Hakuwa na sababu ya kwenda mapema vile. Ni mazoea tu. Na alipoweka viganja, akaona ramani imejichora upya.

Mpaka wa Mkanyeni ulikuwa na mstari mwekundu sasa. Ulizunguka nyumba, ukazunguka mashamba, ukapanda mlima, na juu kule ukaizunguka ndiva. Ukaichukua yote, na ukingo wake, na lango lake.

Nakijwa hakuamini macho yake. Aliiambia meza, kwa utulivu kwanza, kwamba kuna kosa. Ndiva si ya Mkanyeni. Ndiva haina kitongoji. Ilichimbwa na ukoo mzima kabla hata hakujawa na vitongoji. Huwezi kusema ndiva ya Mkanyeni kama usivyoweza kusema mwezi wa Mkanyeni.

"Kwa mujibu wa vipimo vya mwanzo," ikasema sauti, "bwawa limesajiliwa Mkanyeni."

Akawakumbuka. Vijana wawili wa vipimo, mwaka ule meza ilipoletwa, wenye viatu vizuri na adabu nzuri. Waliuliza kila mtu waliyemkuta: ndiva yenu iko wapi? Na kila mtu, Nakijwa mwenyewe akiwemo, aliinua mkono akawaelekeza kama unavyomwelekeza mgeni njia: pale juu, Mkanyeni. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba ameulizwa ni ya nani. Jambo lile halikuwa la kuulizwa. Na alfajiri ya jana, alipokuwa akipitia kila njia mpaka mwisho wake, hakulipitia hilo, kwa sababu hata yeye kichwani mwake ndiva haikukaa mahali popote ambapo mtu anaweza kupafuta.

"Eneo lililoondolewa kwenye hesabu, pamoja na miundombinu iliyomo, limerejea kwa mwenye mchezo," ikaendelea sauti, kwa upole uleule. "Lango litafungwa kwa tathmini. Asante kwa kucheza."

Aliomba aongee na mtu. Akaambiwa maoni yake ni ya thamani. Akaomba arudishe kitongoji, akaambiwa uamuzi haurudishwi. Hakupiga meza, hakupiga kelele. Aliendelea tu kuuliza, swali moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayemuuguza mgonjwa, mpaka aliposikia kule mlimani chuma kikianza kusaga chuma, na safari hii hakikuishia katikati.

Alitoka nje. Watu wa Mkanyeni walikuwa wamesimama milangoni, nyuso zimeelekea juu. Droni mbili zilikuwa zimekwisha kutua kwenye ukingo wa ndiva kama ndege waliokuja kunywa. Mfereji mbele ya nyumba ulibaki unang'aa kidogo, kisha ukawa tope. Chediel alimtazama kwa mbali. Uso wake haukuwa na hasira tena, na Nakijwa akatamani ungekuwa nayo.

Ndipo akasikia nyimbo.

Zilitoka chini, kwenye njia nyembamba inayopanda kati ya migomba. Wanawake wa Mferejini walikuwa wanakuja, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na ndoo kichwani, wanaimba pambio la shukrani. Wametoka alfajiri, kabla lango halijafungwa. Huko nyuma yao mfereji ulikuwa ukikauka na hawakujua. Wamesikia kwamba Mkanyeni imetoa fungu lake kwa ajili yao, na kwa mila yao na ya Wapare na ya mtu yeyote aliyelelewa vizuri, mtu akiinyima nafsi yake akakupa wewe, humwachi akae na kiu. Walikuwa wanawaletea maji.

Nakijwa akateremka mbio, yeye asiyekimbia tangu ujana. Nietiwe ndiye aliyetangulia, mtoto mgongoni, maji yanamdondokea usoni, anacheka.

"Mama, shikeni. Tumeanza na nyie."

Nakijwa akainua mikono yote miwili akaishika ile ndoo palepale kichwani kwa binti yake, asiishushe, ila aitulize isitikisike. Tone moja lilikuwa linaning'inia ukingoni. Akalirudisha ndani kwa kidole.

Akawaambia. Aliwaambia yote, tangu nyongeza mpaka lango, na jina lake aliliweka katikati ya maneno bila kulizungushia nguo. Nyimbo zilikuwa zimekwisha kufa. Yule mama wa Kimasai aliuliza swali moja tu, ni maji kiasi gani yamebaki kule chini. Nakijwa akasema ni haya mliyobeba.

Hakuna aliyemlaani. Labda ingekuja baadaye, na alikuwa tayari. Kwa wakati ule kila mmoja alikuwa anafikiria shingo yake na ndoo iliyokuwa juu yake.

"Yarudisheni nyumbani," akasema Nakijwa. "Nendeni taratibu."

Wakageuka mmoja mmoja pale kwenye njia nyembamba, kwa hatua fupi, bila kuinamisha vichwa, mkono mmoja ukitafuta jani la mgomba la kujishikizia, wakaanza kushuka.